Gari Lina Chumba, Mtoto Hana

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daftari hili nimelikuta nyuma ya kabati. Lilikuwa la wifi yangu, la vipimo vya wateja wake. Kurasa tatu za mwanzo ni viuno vya watu. Nimezichana. Viuno vyenyewe vimeshaongezeka, havina kazi tena.

Leo nimeamka na nia moja. Nyumba hii ina vyumba vitatu. Kimoja cha babamkwe wangu, Mzee. Kimoja cha wifi, fundi cherehani, yeye na cherehani zake mbili. Kikubwa kuliko vyote, chenye mlango wa mabawa mawili na sakafu ya saruji isiyo na ufa hata mmoja, ni cha gari. Gari! La Mzee, la zamani, halijatia tairi nje tangu kabla sijaolewa. Sisi watatu, mimi, mume wangu Baba Bosi na Bosi mwenyewe, tunalala sebuleni nyuma ya pazia. Bosi ana miezi kumi. Tunamwita Bosi kwa sababu akinyoosha kidole watu wazima wanakimbia. Ameanza kutambaa, na jana pekee amegonga kichwa kwenye mguu wa meza mara tatu. Paji la uso limevimba kama kitasa.

Gari lina chumba, mtoto hana. Nimemwambia Baba Bosi hivyo hivyo. Yeye ni mwoka mikate, anarudi na unga masikioni, labda ndiyo maana hasikii. Akasema tuvumilie. Huyu atavumilia mpaka Bosi aote ndevu.

Basi nikamwendea Mzee kwa njia ya kuzunguka. Nilimkuta analifuta gari kwa fulana laini, kama afanyavyo kila siku ya Mungu. Nikajifanya napenda magari. Kosa kubwa! Kanisimamisha saa nzima, Bosi mgongoni.

Lakini nimeshangaa. Kumbe gari nalo lina ukoo! Naandika nisisahau. Hili letu ni Datsun, Mia Mbili Arobaini Zedi. Lilianza kutoka Japani mwishoni mwa miaka ya sitini. Viti viwili, pua ndefu, silinda sita zimejipanga mstari mmoja kama watoto wa shule. Mzee anasema wakati ule gari la mbio lilikuwa la wenye nazo. Wajapani wakasema hapana, hata karani naye apate upepo usoni. Wakaliuza kwa bei ya mtu wa kawaida, watu wakaligombania.

Halafu ndiyo ukaja uzao. Mia Mbili Arobaini akamzaa Mia Mbili Sitini. Sitini akamzaa Mia Mbili Themanini. Themanini akanenepa, akapenda viti laini na starehe. Akaja Mia Tatu, msomi, mwenye mambo mengi. Kisha ukoo ukapumzika miaka kadhaa, hapo Mzee alishusha sauti kama anasoma tanzia. Ukafufuka na Mia Tatu Hamsini, akafuata Mia Tatu Sabini. Wa sasa hana namba kabisa, anaitwa Zedi basi, na sura imemrudia babu yake. Namba maana yake ni ukubwa wa injini. Alieleza na mengine hapo, sikuyasikia, Bosi alikuwa ananing'oa hereni.

Nilichoelewa mimi ni kimoja. Letu ndilo lenye namba ndogo kuliko yote. La mkiani darasani! Na ndilo lenye chumba!

Nikamuuliza taratibu kama angeweza kuliuza. Nilijua atanifukuza. Akasema atauza, ila kwa mtu mmoja tu: yule atakayelitazama na kulitambua kwa macho yake, bila kuambiwa ni lipi katika ukoo wote. Asiyelitambua hatalitunza. Nusura nimwangushe mtoto. Sharti lenyewe ndilo hilo tu? Mbona gari limeandikwa namba mgongoni!

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mzee ameondoka asubuhi kwenda kutolewa mtoto wa jicho. Jicho moja kwanza, la pili mwezi ujao. Atapumzika kwa dada yake karibu na hospitali, arudi Ijumaa. Akiwa mlangoni aliniambia, mkwe wangu, niangalizie mtoto. Nikamuuliza yupi, maana Bosi nilikuwa nimembeba. Akasema wote wawili.

Hajafika kituoni, nimeshapiga picha. Bosi juu ya boneti, akicheka, mate yanang'aa. Nikaweka tangazo kwenye simu: Linauzwa. La zamani lakini si baya. Mtoto hauzwi.

Haikupita nusu saa simu ikalia. Lo! Bwana mmoja anayekusanya magari ya zamani. Sauti inatetemeka kama aliyepigiwa habari ya mapacha. Akauliza gari liko kama lilivyotoka kiwandani? Aibu ilinishika. Ni kama kuulizwa mbele za watu kama gauni ulilovaa ni lile lile la mwaka juzi. Nikamjibu asiwe na wasiwasi, akija Jumamosi atakuta tumebadilisha kila kitu.

Akapiga kelele! Mimi na Bosi tuliruka pamoja. Akanisihi nisiguse. Nisiguse rangi, nisiguse taa, nisiguse hata vumbi. Dada yangu nakuomba, alisema, nakuomba sana.

Nikakata simu nikacheka peke yangu. Nimeolewa nyumba yenye wifi ndani, mimi si wa kudanganywa kirahisi. Anataka alikute limechakaa, alipate kwa bei ya kutupa. Mjanja huyo! Basi amekutana na fundi wa ujanja.

Nimelala chali nikafikiri. Simu, namba ikiwa kubwa, bei inapanda. Friji, vivyo hivyo. Hata viatu vya Bosi. Sasa gari la Mia Mbili Arobaini nani atalitolea pesa, na Mia Tatu Sabini yupo?

Wifi alinikuta nacheka na dari. Akauliza kama nimerudia biashara ya sabuni. Ile sabuni ilitoa rangi kwenye nguo za mtaa mzima, lakini ilitoa na uchafu, na hilo hakuna anayelisema.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimemwita Fundi Msasa. Ni mnyoosha bodi wa barabara ya nyuma, amepewa jina hilo kwa sababu kila kitu anakitibu kwa msasa. Juzi alikuwa anausugua mlango wa choo cha jirani bila kuitwa. Malipo tumekubaliana: redio yangu ya harusi. Imeniuma. Nikamtazama Bosi uvimbe wake, uchungu ukaisha.

Fundi akalizunguka gari mara mbili, akapiga mluzi. Akasema hili mama ni kazi ya siku moja. Nikafurahi. Mafundi wote ninaowajua huwa wanasema wiki.

Kwanza namba. Kwenye 240 tukang'oa 2 na 4. Sifuri tumeiacha, tunayo tayari! Hapo ndipo nilipoona Mungu yuko upande wangu. Namba 3 na 7 fundi alikuwa nazo mfukoni, alizitoa kwenye milango ya nyumba ya wageni iliyobomolewa. Zimekaa upande kidogo, 7 inainama kama imechoka. Lakini ni 370. Macho hayadanganyi.

Pili, bawa la nyuma. Yale magari ya mwishoni mwa ukoo nimeona kwenye simu yana kitu kimenyanyuka mkiani. Letu mkia ni bapa. Fundi akaleta bawa la teksi iliyopinduka. Akatoboa matundu manne. Nilifumba macho kila tundu.

Tatu, rangi. Gari lilikuwa kijani kibichi kama chupa ya soda, lenye michirizi ya uzee. Nikataka rangi ya fedha. Fundi akasema fedha hana, ana zambarau, imebaki kwenye kazi ya saluni. Nikasema zambarau ni rangi ya wafalme. Akaanza kupuliza kwa mashine yake. Gari likang'aa! Nikapiga vigelegele vya kimya kimya, Wifi asisikie.

Umeme ukakatika.

Jamani! Mbele zambarau, nyuma kijani! Kama kanzu iliyoisha kitambaa! Tukangoja. Tukangoja tena. Fundi akachoka, akachukua brashi ya kupakia kuta. Nikamwuliza kama itafanana. Akaniambia mama, ikikauka hutajua.

Imekauka. Najua.

Mbele ni kioo, nyuma ni ukuta. Kuna na nywele tatu za brashi zimenasa karibu na taa. Nimekaa kwenye ndoo nikaitazama mpaka moyo ukatulia. Kwa mbali, mtu akiwa na haraka, haionekani sana.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimekamatwa!

Wifi aliingia kutafuta mkasi wake. Alisimama mlangoni, mkono kifuani. Hakupiga kelele. Ningeona afadhali angepiga. Akanong'ona, wifi yangu, gari la baba liko wapi?

Nikamwambia ndilo hilo.

Akalizunguka. Akaligusa bawa, akaondoa mkono kama limeungua. Akasema mimi sikio la kufa. Akasema Mzee akiona hili, jicho walilolitibu litarudi hospitali lenyewe kwa miguu. Akasema anampigia simu sasa hivi. Nikamshika gauni. Nikamwambia ukweli: mnunuzi anakuja Jumamosi, gari likiondoka chumba kinabaki.

Simu ikarudi mfukoni. Nilishtuka kuona ilivyorudi haraka. Kumbe naye alikuwa amekitolea macho chumba hiki siku nyingi! Anataka meza ya kukatia vitambaa, vioo viwili na kiti cha wateja. Ameshapima! Alinionyesha alama za chaki ukutani, nami nilidhani ni za panya.

Tumekubaliana nusu kwa nusu. Yeye upande wa mlango, sisi upande wa dirisha. Akachora mstari wa chaki sakafuni, ikabidi alale kifudifudi apite chini ya gari, makalio yake, kiti cha utawala, yakiwa juu. Naye kwa upande wake akashona vitambaa vya viti. Alikuwa na mabaki ya pazia la maua makubwa. Lazima niseme kweli, mkono wake ni mzuri. Viti viwili vya gari la mbio sasa vinafanana na sebule ya mwalimu mkuu.

Saa sita nilipita nikaona mstari umesogea kuelekea kwetu. Nikaufuta nikaurudisha. Saa nane umesogea tena. Nikaurudisha, nikaongeza hatua moja ya fidia. Saa kumi Wifi akasema humu kuna mtu hana haya. Nikamwambia hata mimi nimeliona hilo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mzee amerudi. Jicho la kulia limefungwa bandeji nyeupe. La kushoto, ambalo bado halijatibiwa, anasema anaona kama kupitia kioo cha bafuni. Nilimshukuru Mungu, kisha nikatubu kwa kushukuru.

Akanusa. Akauliza harufu ya rangi inatoka wapi. Nikasema jirani amepaka geti. Wifi akasema jirani amepaka ukuta. Tulisema kwa pamoja. Mzee akasema jirani huyo amepata kazi nzuri.

Nikampa habari za mnunuzi, kwamba ni mtu wa magari, anakuja kesho, anajua ukoo wote. Nilidhani atafurahi. Akasema mtu ampeleke kwenye gari akalisalimie, maana ni siku nne hajaligusa.

Nikajaribu kusema sakafu imelowa. Akasema ana viatu. Nikamshika mkono, Bosi kiunoni kwangu, tukaingia. Nikafunga dirisha kuwe giza. Mzee hakuhitaji mwanga. Aliweka kiganja kwenye boneti, akakipitisha polepole kama mama anayetafuta homa. Upande uliopulizwa kwa mashine ulikuwa laini, akatikisa kichwa kuridhika. Mkono ukavuka mlango. Ukafika kwenye brashi. Ukasimama.

Akasema ngozi yake imekauka. Nikasema ni upepo wa msimu huu, hata mimi.

Mkono ukaendelea kuelekea mkiani. Kwenye bawa! Nilikuwa na kufumba na kufumbua moja tu. Nikampandisha Bosi nikamkalisha juu ya bawa, na mkono wa Mzee ukatua kwenye mguu wa mjukuu wake. Mzee akastaajabu. Akasema kumbe dereva yupo! Akacheka, akambinya vidole vya miguu kimoja kimoja. Bosi naye akacheka. Bawa likalia kama linang'oka, nikakohoa kwa nguvu.

Akiwa anatoka Mzee alisema maneno ambayo sikuyatarajia. Kwamba alilinunua akiwa karani wa bohari, hana watoto, na mkewe alikuwa anapenda kukaa kiti cha pili kiatu mkononi. Basi.

Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Mara moja nilifikiri kwenda kumwambia kila kitu. Kisha Bosi akagonga meza.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sijui nianzie wapi. Mtu akisoma mwandiko huu atadhani naandika nikiwa juu ya punda.

Mkusanyaji alifika saa nne. Mtu mwembamba, glavu nyeupe mikononi, tochi, na kioo cha kukuzia maandishi. Aliamkia kila mtu kwa haraka, hata Bosi alipewa shikamoo. Mzee alikuwa amevaa koti lake la heshima, amekaa kwenye kiti ndani ya chumba cha gari, fimbo kati ya magoti. Baba Bosi alisimama nyuma yake. Yeye alikuwa ameliona gari jana jioni, na tangu hapo anameza mate tu.

Nikafungua mabawa yote mawili ya mlango. Jua likaingia.

Mkusanyaji akatazama. Glavu moja ikaanguka. Kisha naye akashuka, akakaa kizingitini, akaomba maji. Nilimletea. Akanywa yote, akaangalia, akaomba mengine.

Mzee akakohoa, akasema karibu mgeni. Hapa hatuulizani bei kwanza. Tazama, uniambie: huyu ni nani?

Mimi nilikuwa nyuma ya Mzee. Nikamwonyesha mgeni namba kwa kidole. Nikaonyesha tatu kwa vidole, nikaonyesha saba. Nikatamka bila sauti. Kwamba jibu analolingoja Mzee ni jingine, hilo limenijia sasa hivi naandika. Wifi naye upande wa pili anaonyesha viti, anasifia mshono wake mwenyewe!

Mkusanyaji akanitazama kama mtu anayetazama moto. Akasimama. Akatoa tochi. Akalala chini kwa mgongo, akaingia uvunguni, akauliza kwa nini kuna mstari wa chaki. Akatoka, akafungua boneti. Hapo Fundi Msasa hakugusa, aliogopa injini. Mgeni akainama ndani muda mrefu. Tulisikia anahesabu kwa sauti ya chini, moja mpaka sita. Akafuta kibati kidogo cha namba kwa kitambaa chake cha mfukoni.

Alipoinuka macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Mzee wangu, huyu ni babu mwenyewe. Mia Mbili Arobaini, wa miaka ya mwanzo kabisa. Lakini nani amemvisha nguo za wajukuu zake?"

Mzee akauliza, kavishwa nini?

Kabla hatujamwahi, kidole kimeshainua ukingo wa bandeji. Jicho jipya likafunguka kwa mara ya kwanza. Na kitu cha kwanza lilichokiona duniani ni zambarau!

Mzee alitazama mbele. Akatazama nyuma. Akatazama maua ya viti. Akaishusha bandeji taratibu, akasema, "Nirudisheni hospitali. Ugonjwa hawakuutoa, wameuongeza."

Wifi akaninyooshea kidole papo hapo, chaki mkononi! Mimi nikanyoosha kwenye chaki. Baba Bosi akaanza kuomba msamaha kwa niaba ya watu wote, akataja hata mambo ambayo Mzee hakuwa anayajua.

Mzee akainua fimbo, tukanyamaza. Akaniita. Hakuniita mkwe, aliniita mwanangu, na hilo ndilo lililonivunja. Akaniuliza swali moja tu. Kwa nini?

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari. Zote zimenikimbia. Nikasema, baba, gari lina chumba, mtoto hana.

Akakaa. Akamwita Bosi, akabebeshwa. Akapapasa paji lake, akafika kwenye uvimbe. Akaniuliza mbona sijawahi kumwambia. Miezi kumi! Nimefikiri njia zote za duniani, hiyo sikuifikiri. Akasema mwanangu, mimi haya macho yalikuwa hayaoni, wewe mdomo ulikuwa na nini?

Nililia. Wifi pia alilia, lakini nadhani ni kwa ajili ya meza ya kukatia.

Mkusanyaji alikuwa bado amesimama pale na glavu moja. Akasema kwa hali hii hawezi kulichukua. Zambarau hii akiigusa fundi asiyelijua gari, pua nzima itapotea. Akamuuliza Mzee kama mikono yake inakumbuka. Mikono ikajibu yenyewe, ikaanza kucheza magotini. Wakakubaliana hapo hapo: macho yote mawili yakipona, Mzee alirudishe lilivyozaliwa, humu humu ndani, kwa muda wowote litakaohitaji. Mwaka. Miwili. Kisha ndiyo atalinunua. Na kwa sababu vipuri ni adimu, kesho Mkusanyaji ataleta na la kwake, Mia Mbili Sitini bovu, limpe babake kinachofaa, kisha nalo litengenezwe.

Nimesoma mstari huo mara mbili. Nilitaka kutoa gari moja. Yamekuwa mawili!

Jumapili, tarehe 9 Machi

Lori la kuvuta magari lilifika mchana. Mia Mbili Sitini limewekwa uani, chini ya turubai. Halina injini, halina tairi moja, lina kiota cha ndege mahali pa taa. Mzee alitembea kulizunguka kama bwana harusi.

Lakini mshtuko haukuwa huo. Nilikuwa nafua nepi. Nikasikia kitu kizito kinaburutwa. Nikakimbia. Ni Mzee, bandeji jichoni, anavuta kitanda chake mwenyewe koridoni! Wifi amekaa juu ya kitanda akimzuia, na kinakwenda naye hivyo hivyo.

Akasema ameamua. Yeye atalala na gari. Atakuwa karibu na kazi, na hata hivyo usingizi wake mzuri kuliko wote aliupata kwenye kile kiti cha dereva. Chumba chake ni cha Bosi na wazazi wake. Wifi akauliza na yeye je. Mzee akasema yeye ana mstari wa chaki, akae juu yake.

Nilimpigia magoti. Baba Bosi naye akapiga ya kwake kando yangu.

Wifi hajanisemesha tangu mchana. Jioni nimekuta amemshonea Bosi shuka kwa yale maua makubwa. Ameliweka mlangoni bila kubisha hodi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Tumeamka chumbani. Chumbani kwetu! Bosi ametambaa kutoka ukuta mpaka ukuta bila kugonga kitu. Akafika mwisho, akageuka, akarudi. Nimemtazama mpaka chai ikapoa.

Nimekaa nikatafakari ninavyopaswa. Wote wanasema nimejifunza. Mzee anasema, Wifi anasema kwa kutosema, hata Fundi Msasa alipita uani akasema. Redio hajarudisha. Ni kweli nimejifunza. Kama nisingeita fundi, gari lisingepakwa. Lisingepakwa, Mzee asingekasirika. Asingekasirika, asingeniuliza. Asingeniuliza, tungekuwa bado nyuma ya pazia. Kwa hiyo mpango ulikuwa mzuri tangu mwanzo. Ulihitaji muda tu.

Kasoro imebaki moja, ndogo. Chumba hiki ni kiza. Mzee alikuwa ameziba dirisha kwa ubao, mwanga ulikuwa unamuumiza jicho. Leo nimebandua ubao. Nyuma yake hakuna kioo! Tundu tupu, upepo unaingia moja kwa moja hadi kwa mtoto.

Sasa, lile gari bovu uani lina kioo kizima cha nyuma. Kizuri, kimelala mteremko, hata mkwaruzo hakina. Gari lenyewe halina injini, linataka kuona nyuma kwenda wapi? Nimemuuliza Fundi Msasa kwa mbali, kama mtu anayeuliza habari za rafiki yake. Anasema kimeshikwa na mpira tu, hakihitaji hata nyundo. Mzee anarudi kliniki Alhamisi.

Nimepima kwa mkanda wa gauni langu. Upana sawasawa. Urefu unazidi kidogo. Ukuta tutauchonga.